Homa Isiyosikia Dawa

Mzee akiingia hospitali kwa ajili ya mfupa uliovunjika, na majuma mawili baadaye akafa kwa homa, watu husema nini? Husema: mfupa hauui mtu, yuko aliyemwua. Ndipo macho ya ukoo huanza kumtafuta huyo mtu, na mara nyingi humwangukia mwanamke: mkwe, ama mjane asiye na mtoto. Mimi ni katekista. Kazi yangu hunipeleka katika nyumba za matanga, nami nimekwisha kuyasikia maneno hayo kuliko nipendavyo.

Mwaka jana yalisemwa mbele yangu juu ya mwanamke mmoja wa mtaa wetu. Baba mkwe wake, mzee aliyepita miaka 80, aliteleza penye matope akavunjika nyonga. Mwanamke yule alimlinda hospitalini siku zote: alilala sakafuni karibu na kitanda, alimpikia uji, alimgeuza, alimfulia mashuka. Kwa kuwa mzee hakuweza kuinuka, aliwekewa mpira wa mkojo. Siku ya nane homa ikampanda, mkojo ukawa mzito, akaanza kuwaita watu waliokufa zamani. Wakampiga sindano, homa haikushuka. Wakabadili dawa, bado. Akafa. Katika matanga shemeji mmoja akasimama akauliza: Ni nani aliyekuwa akimpa uji?

Wana wawili wa marehemu wakakubali twende pamoja kumwuliza munganga. Akatuonyesha karatasi ya laboratwari. Upande mmoja majina ya dawa, upande wa pili herufi moja tu, R, imerudiwa toka juu mpaka karibu na chini kabisa. Maana yake: mikrobi iliyokuwa katika mkojo wa mzee inaikataa dawa hiyo.

Inakataaje? Munganga alitueleza polepole. Mikrobi ni vidudu vyenye uhai, visivyoonekana kwa macho; nyingine zikipata joto na chakula hugawanyika kila dakika 20. Katika umati huo wote, moja yaweza kuwa na silaha ya kuivunja dawa. Dawa huziua jirani zake, nayo hubaki peke yake shambani, huzaa. Tena mikrobi hupeana silaha hiyo, hata ile ya kabila moja humpa ya kabila lingine. (Laiti sisi wanadamu tungepeana mema kwa upesi huo!) Jambo hili si geni. Bwana Fleming, aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba dawa kidogo isiyotosha haiziui mikrobi, bali huzifundisha kuivumilia. Dawa ya metisilini ilipotoka karibu na mwaka 1960, ilikuwa na nguvu mpya. Mwaka 1961 waganga wa Uingereza walikwisha kukuta mikrobi zinazoikataa.

Wazee ndio wanaolipa zaidi. Kinga ya mwili wao imechoka, ngozi ni nyembamba, kulala sana huwaletea vidonda mgongoni, na ule mpira ni njia wazi ya mikrobi kuingia kibofuni. Uchunguzi mkubwa wa dunia nzima uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba tangu 1990 mpaka 2021 vifo vya namna hii kwa watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kupita nusu, lakini kwa watu wa miaka 70 na zaidi viliongezeka kupita asilimia 80.

Tuliporudi, mwana mkubwa akaieleza ile karatasi mbele ya ukoo. Shemeji akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: Vema, na hiyo mikrobi, ni nani aliyeituma?

Watu wakacheka, lakini mimi naona swali lake ni zuri. Lina jibu, ila jibu si jina la mtu mmoja. Nendeni sokoni mkatazame: vidonge vya antibiotiki vinauzwa kimoja kimoja kama pipi. Mtu mwenye mafua, ambayo dawa hiyo haiyawezi kabisa, hununua vinne. Mwenye ugonjwa wa kweli hununua viwili, akipata nafuu anaacha. Kisha ingieni hospitalini. Bomba la maji liko nje, mbali; mkono uliomgusa mgonjwa wa kitanda cha kwanza unamgusa wa pili, na sisi wageni tunaketi juu ya vitanda. Wakati wa Ebola ya huku mashariki, mwaka 2018 mpaka 2020, palikuwa na ndoo ya maji ya dawa milangoni, hata kanisani. Ebola ikaisha, na ndoo nyingine sasa zinawekewa maharagwe.

Ukoo haukumfukuza yule mwanamke. Shemeji hajamsalimu bado.

Neno moja la munganga sitaki lipotee: mpira wa mkojo ukikaa siku nyingi, hatari huongezeka kila siku, kwa hiyo utolewe mara usipohitajiwa tena. Yeye mwenyewe alisema jamaa za mgonjwa wana haki ya kuuliza. Tangu hapo, nikienda kuwatembelea wagonjwa siku ya Alhamisi, nikimwona mzee mwenye mpira, namwuliza mwuguzi kwa heshima: Je, huu bado una kazi? Wengine hunikasirikia kidogo. Mmoja alifungua daftari, akahesabu siku kwa kidole, akaenda kunawa mikono ili autoe.