Kristo Alitupatanisha Mimi na Baba Mdogo

Mimi ni mzaliwa wa Meru, kwenye migomba na kahawa chini ya mlima. Nashuhudia jinsi Kristo alivyoniondolea chuki niliyorithishwa utotoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, sisi Walutheri wa Meru tuligawanyika. Baadhi walitaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wawe na dayosisi yao, wengine wakakataa. Ugomvi ukatoka makanisani ukaingia majumbani. Nyumba zikachomwa, damu ikamwagika. Baba alikuwa upande huu, baba mdogo upande ule. Usiku mmoja kahawa yetu ilifyekwa. Hatukumwona aliyefyeka, lakini lawama zote tulizipeleka ng'ambo ya mfereji, kwa baba mdogo. Tukaacha kusalimiana. Bibi alipofariki, matanga yalikaliwa sehemu mbili.

Nilipokua nilihamia Arusha mjini kuuza mchele. Mji huu unasifika kwa mapatano: Wanyarwanda walitia saini hapa mwaka 1993, Warundi mwaka 2000. Hata hivyo, mwaka 1994 Rwanda iliangamia, saini zikiwepo. Nami nilikuwa naimba kwaya kila Jumapili huku nikimchukia ndugu wa baba yangu.

Jioni moja kwenye ushirika, mwinjilisti alitukumbusha habari za Akeri, kule kwetu Meru. Mwaka 1896 wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa pale, na askari wa Kijerumani wakalipiza kwa moto. Lakini mwaka 1902 wamisionari walirudi, wakaanza kazi Nkoaranga, wakawahubiria Injili watu wale wale. Kisha akafungua Waefeso sura ya 2, akatufundisha kwamba Kristo mwenyewe ndiye amani yetu, na kwamba msalabani aliubomoa ukuta wa uadui. Maneno yale yalinichoma. Nilipiga magoti nikatubu, na mzigo niliobeba tangu utoto ukanitoka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa baba mdogo na jani la isale, ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Ya kahawa sikuyataja. Yeye ndiye aliyeanza kusimulia: miaka ile alikesha nje usiku na usiku, maana aliambiwa sisi ndio tungemchomea nyumba. Kumbe pande zote mbili tulikuwa tukiogopana! Tuliomba pamoja, tukalia.

Leo yeye anasali kwenye kanisa lake, mimi kwangu, na Bwana wetu ni mmoja. Alipomwoza binti yake, mimi ndiye niliyesimama mahali pa marehemu baba. Isale lilinifungulia mlango wa baba mdogo, lakini aliyenifungua moyo ni Yesu.

Ndugu msomaji, kama kuna nyumba ya ndugu yako unayoikwepa, mkabidhi Yesu uchungu huo leo, kisha uende ukapige hodi. Usingoje mkutane msibani.