Paka Wetu Sultani na Ugonjwa wa Mkojo

Mwenye mpunga ndani ya nyumba hana haja ya kuulizwa kwa nini anafuga paka. Sisi watu wa Kasongo twalima mpunga tangu karne ya 19, siku za Tippu Tip na watu waliotoka pwani. Twauvuna, twauanika, twautia guniani, na usiku ule ule panya wamekwisha kupata habari. Mwaka mmoja walitula mbegu zote za msimu. Ndipo tulipokwenda kwa jirani kuomba mtoto wa paka, dume, wa rangi ya majivu, tukamwita Sultani. Kwa muda wa miaka minne hakuna gunia lililotobolewa. Basi na tuseme kweli: tulimtumia vizuri, lakini hatukumtunza vizuri.

Asubuhi moja ya kiangazi tulimkuta amechutama juu ya majivu ya jikoni. Alikaa hivyo muda mrefu, akaondoka, akarudi, akachutama tena. Tulidhani tumbo limefunga, na mama wa nyumba akamlambisha mawese kidogo. Jioni alijificha chini ya kitanda, akijilamba nyuma bila kukoma. Tulipomgusa tumbo alilia kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia. Juu ya majivu tuliona matone mawili tu, nayo yalikuwa mekundu.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja alisema: «Mtupeni, paka ni wengi.» Mwingine alisema amelishwa sumu. Wa tatu alileta kidonge cha kutuliza maumivu, kile tunachomeza sisi wenyewe tukiumwa kichwa. Kwa bahati tulisita. Sasa twajua kwamba kidonge kimoja tu cha parasetamoli chaweza kumwua paka, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu ya kuivunja dawa ile.

Kulipokucha tulimtia katika kikapu cha kuku, tukampeleka kwa mganga wa nyama, mtu aliyezoea mbuzi na ng'ombe. Alimpapasa tumbo, akatuambia tuguse nasi. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa bichi. Akasema: «Mngalingoja hata kesho kutwa, mngalimzika. Ninayaona haya kwa mbuzi waliohasiwa wanaolishwa nafaka nyingi. Njia ya mkojo imezibwa.» Alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapitisha mrija mwembamba sana, akasafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Mkojo ulitoka wenye damu na mchanga mweupe.

Ndipo alipotueleza. Paka jike huugua kibofu kama dume, lakini njia yake ni fupi na pana, kwa hiyo ni vigumu izibike. Njia ya dume ni ndefu na nyembamba, na chembe chache za mchanga pamoja na ute zatosha kuifunga. Ikifungwa, uchafu ambao figo hutoa hurudi katika damu. Mnyama hutapika, hulegea, mwisho moyo wake husimama. Siku mbili au tatu zatosha kumaliza mambo. Kwa hiyo, paka dume akijikamua na mkojo hautoki, hiyo si shauri la kungojea kesho.

Tuliuliza: «Mchanga huo umetoka wapi?» Naye akatuuliza: «Paka huyu anakula nini?» Tulijibu kwa fahari kidogo: ugali wa jana, ndakala wakavu, na siku za sikukuu makayabu. Akatikisa kichwa. Akasema kwamba paka wote wa nyumbani ni uzao wa paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu. Mnyama yule hanywi maji mengi, maana maji yake huyapata katika windo. Zaidi ya nusu ya mwili wa panya ni maji. Paka alaye panya hula na kunywa pamoja. Paka alaye vikavu hafikirii kwenda mtungini kama sisi, hivyo mkojo wake huwa mzito, na chumvichumvi zilizomo hugandamana.

Kumbe! Sultani alikuwa amewamaliza panya wetu. Kwa kazi yake njema alijinyima mwenyewe chakula chake chenye maji, nasi tukamlipa kwa samaki mkavu wa chumvi.

Matibabu yale yalitugharimu karibu bei ya nusu gunia la mpunga. Nyumbani palikuwa na maneno. Karo ya watoto haijalipwa, na fedha imekwenda kwa paka? Lakini mama wa nyumba alihesabu kwa vidole magunia ambayo panya hawakuyagusa kwa miaka minne, na maneno yakaisha.

Tangu siku ile tulibadili desturi. Ndakala twawaloweka, twamwaga maji yale ya chumvi, kisha twawachemsha katika maji mapya na kumpa pamoja na mchuzi wake. Hatutii chumvi, wala pilipili, wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Tukipata samaki mbichi wa Lualaba, twamkatia vichwa na matumbo, twavichemsha na kutoa miiba. Tukichinja kuku, naye ana sehemu yake. Ugali twampa kidogo sana, maana paka ni mla nyama, na paka mnene hupatwa na ugonjwa huu upesi zaidi. Makayabu hayaonji tena.

Maji twayaweka mahali patatu, katika mabakuli mapana ya udongo, mbali na chakula na mbali na choo chake, na twayabadili asubuhi na jioni. Mchanga wa kujisaidia twauweka mahali pawili, na mtoto mmoja ana kazi ya kuusafisha kila siku. Paka akichukia choo chake huuzuia mkojo, na mkojo uliokaa sana ndio unaogandisha mchanga. Yule mtoto ana daftari. Huandika kila siku: amekojoa mara ngapi, vitonge vya mchanga ni vikubwa au vidogo, kuna damu au hakuna.

Wako waliotushauri kumnywesha ndimu ili mchanga uyeyuke. Hatukufanya hivyo. Mganga alisema vijiwe vya paka ni vya namna mbalimbali. Vile viitwavyo struviti huweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu, ambacho hapa kwetu hatukioni sokoni. Vile vya oksalati haviyeyuki, na tena huzidi kama mkojo ukitiwa ukali. Kwa macho mtu hawezi kuvitambua. Maji ndiyo yafaayo kwa vyote viwili.

Miezi minane ilipita salama. Kisha tulipata msiba Kabambare. Nyumba ilibidi kufungwa, basi tukamchukua Sultani kikapuni juu ya pikipiki, kwa njia ile ya Kabambare iliyokuwa zamani ya misafara ya kwenda Ziwa Tanganyika. Matangani palijaa watu, watoto, vilio usiku kucha, na mbwa wawili. Siku ya tatu alichutama tena, na damu ikaonekana.

Tulipiga simu kwa mganga. Aliuliza neno moja tu: «Mkojo unatoka?» Tukamwambia matone yanatoka. Akasema: «Mpeni chumba kimya, mchuzi na maji. Angalieni kila saa. Yakikoma, njooni hata usiku.» Sote tulijua maana ya neno hilo, njia ikiwa ile na usiku ukiwa ule.

Shangazi yetu, aliyefiwa na mumewe, ndiye aliyetupa chumba chake. Tulikataa kwa haya. Akasema: «Wanangu, leo nimechoka kuona kifo. Mwingizeni.» Akakaa naye gizani, hasemi neno, na sisi tukiingia kila saa na taa kutazama mchanga. Tone. Tone. Hakuna. Tone. Karibu na alfajiri tulimsikia akifukua, na tulipomulika tuliona doa kubwa, pana kama kiganja. Shangazi alicheka kidogo. Tangu mazishi hakuwa amecheka.

Baadaye mganga alitueleza kwamba safari hii huenda hapakuwa na mchanga hata kidogo. Paka wengi wenye ugonjwa huu hawana vijiwe wala vijidudu. Hofu yenyewe, kuhama, kelele na wageni huvimbisha kibofu mpaka damu itoke. Ndiyo sababu dawa za kuua vijidudu, ambazo watu hununua ovyo dukani, mara nyingi hazimsaidii. Siku hizi tukisafiri, Sultani hubaki Kasongo, katika nyumba aijuayo, na jirani humpa mchuzi wake. Yule jirani ndiye aliyesema tumtupe.

Wasomaji wapenzi, hatuwezi kusema Sultani amepona. Ugonjwa huu huondoka na kurudi, na kazi yetu ni kuuchelewesha. Mkimwona paka wenu akienda chooni mara nyingi, akijikamua, akilia, akijilamba sana, akikojoa mahali pasipo desturi, au mkojo ukiwa na damu, msimcharaze kwa uchafu wala msimpe mawese. Tazameni kwanza kama mkojo unatoka. Usipotoka, mtafuteni mganga wa nyama siku ile ile.

Daftari la kwanza limekwisha, na mtoto ameomba la pili. Tumemnunulia.