Mvumo wa Gurudumu Nyakabiga

Mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, umekaa kati ya ziwa na milima. Magharibi ardhi yateremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mashariki kuna kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na nyuma yake milima yapanda. Mtaa wa Buyenzi, wenye sifa ya mafundi wa magari, hauko mbali. Mafundi wengine hufanya kazi kando ya barabara, chini ya kivuli cha mwembe, wakiwa na jeki, spana na masikio yao.

Asubuhi moja askari mstaafu alisimamisha gari lake mbele ya fundi kama hao. Nyuma alikaa mkewe pamoja na binti yao, sanduku la shule likiwa magotini. Walikuwa wakienda Bugarama, mwendo usiofika kilomita 40, lakini ni wa kupanda hadi zaidi ya meta 2,000. Matairi yalikuwa yamebadilishwa siku mbili kabla, na tangu hapo gari lilivuma kama mzinga wa nyuki.

“Walioniuzia wamesema nitazoea,” alisema mzee.

Fundi aliinama akasoma ubavu wa tairi. Palichorwa mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji.

“Mzee, haya ni matairi ya baridi ya Ulaya, tena yamekwisha kutumika huko.”

Matairi ya namna hiyo yameundwa kwa mpira laini, ufaao zaidi joto likiwa chini ya nyuzi 7. Meno yake ni marefu, yamekatwa mikato mingi ili yashike theluji. Juu ya lami yenye joto meno hayo hupiga kelele, huisha upesi, na gari hukawia kusimama lipigwapo breki.

Hata hivyo fundi hakuridhika. Aliomba waendeshe polepole. Mvumo wa tairi hufuata mwendo wa gari, wala haubadiliki gia ikitolewa. Mvumo uzidio gari likikata kona upande mmoja, hiyo huenda ikawa beringi. Mlio wa kukatika-katika usukani ukizungushwa hadi mwisho hutoka katika kiungo cha ekseli. Lakini walipopunguza mwendo, mvumo ukafifia, na chini yake ikasikika sauti nyingine: ko, ko, ko.

“Simama, mzee!”

Nati mbili za gurudumu la nyuma zilizunguka kwa vidole vitupu. Mama alimshika binti yake mkono, asiseme neno.

Fundi alikagua skrubu na matundu, akakaza nati kwa kupishana, kisha akazikaza tena gurudumu lilipokanyaga chini.

“Zikazwe tena baada ya kilomita 50, mzee. Na matairi haya yasipande mlima.”

Safari iliahirishwa hadi yalipopatikana matairi mengine. Siku hiyo familia ilirudi nyumbani taratibu, mvumo ukiendelea, ila ule mgongano haukusikika tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Dereva anayeambiwa azoee kelele ajiulize kwanza kelele hiyo yaficha nini.