MSIMAMIZI WA MIRATHI SIO MRITHI, SHEMEJI!

Jamani mjini kuna mambo! MC mmoja aliyechangamsha harusi kibao alifariki, ukoo ukakaa kikao, mdogo wake akapitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikamteua. Jamaa akajiona mrithi. Gari akauza, mjane akaambiwa afungashe.

Dada wa watu akaenda kwa msaidizi wa kisheria, huduma bure. Akaambiwa: shemeji yako anasimamia tu, mali ni za warithi. Ndani ya miezi 4 alitakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali zote. Hakupeleka.

Mjane akalalamika mahakama ileile, jamaa akavuliwa usimamizi. Nyumba imebaki kwa watoto. Gari ndo halijarudi mpaka leo.

Haya kaka, mkeo anajua hati ya kiwanja iko wapi?