Kanisa la mabati

Mama alipokuja Kigali kutoka kambini Kiziba, nilimpeleka kuona Sainte-Famille. Kanisa hilo la matofali lilianza kujengwa 1913, miaka sita tu baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha mji huu. Mama aligusa ukuta.

"Na kanisa yetu, kwenye tulimuaga baba yako, iko wapi?"

Letu lilikuwa la mabati, kwenye kiwanja cha kupanga. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali, mengi kwa kukosa viwango vya ujenzi na usafi. Letu lilikuwemo.

Leo pale wanatengeneza pikipiki. Mama alivua kandambili, akasimama kando ya matairi, akaomba. Fundi mmoja alimtazama, halafu akazima injini.