Amestaafu au Ameachwa?

Muhula huu mabwenini mwetu mmekuwa na ubishi mmoja usiohusu Simba wala Yanga, na kwa sababu hiyo peke yake nadhani wastahili kuandikwa. Ulianzishwa na mwalimu wetu wa Hisabati, kijana wa Kimarekani aliyekuja kufundisha kwa kujitolea, ambaye kwao ni Texas. Jumamosi moja baada ya usafi alituonyesha katika kompyuta yake mchezo wa zamani wa kandanda ya kwao, akatusimulia habari za mchezaji mmoja, kisha akaenda zake kufua. Sisi tukabaki tunagombana mpaka kengele ya chakula.

Kwanza sharti nieleze mchezo wenyewe, maana asiyeujua ataona watu wanasukumana tu. Mpira wao umechongoka ncha mbili. Wachezaji ni 11 kila upande kama sisi, lakini mpira hupigwa teke mara chache. Zaidi hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, na ikishindwa mpira huwa wa wenzao. Karibu kila nafasi huanzia kwa mtu mmoja, aitwaye kwotabeki. Mwenzake aliye mbele humpitishia mpira katikati ya miguu, naye katika sekunde mbili tatu aamue: aurushe mbali, ampe aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Akikawia, majitu ya kilo 120 na zaidi yatamwangukia. Kwetu hakuna anayelingana naye. Labda mtu amchukue nahodha, namba kumi na kocha, awasage pamoja.

Mchezaji tuliyesimuliwa ni Bwana Vince Young, aliyezaliwa Houston tarehe 18 Mei, 1983, akachezea Chuo Kikuu cha Texas. Mchezo tulioonyeshwa ulikuwa fainali ya vyuo vikuu, tarehe 4 Januari, 2006, katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, California. Sisi tulikuwa hatujazaliwa. Wapinzani, Chuo Kikuu cha Southern California, walikuwa wameshinda michezo 34 mfululizo, na zilipobaki dakika zisizotimia saba walikuwa wanaongoza kwa 38 dhidi ya 26. Mwenzetu mmoja akasema, "Sasa hapa kuna nini tena?" Mwalimu akacheka tu.

Basi Young akakimbia na mpira yadi 17 akaingia nao mwisho wa uwanja. Hesabu ikawa 38 kwa 33. Wapinzani wakataka kuumaliza mchezo. Walihitaji yadi mbili tu katika nafasi yao ya nne, wakazuiwa. Mpira ukarudi kwa Texas. Wakasogea kidogo kidogo mpaka zikabaki yadi 8, na hiyo ilikuwa nafasi ya nne, yaani ya mwisho. Young akapokea mpira, akatafuta wa kumrushia, hakumwona. Akageukia kulia, akakimbia kufuata pembe ya uwanja, akaingia bila kuguswa na mtu. Saa ilionyesha sekunde 19. Texas 41, Southern California 38. Siku ile alirusha mipira iliyofika jumla ya yadi 267 na kukimbia mwenyewe yadi 200. Jezi yake, namba 10, chuo kiliitundika mwaka 2008, hapewi mtu mwingine. Darasa zima lilipiga kelele hata mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Kama kisa kingeishia hapo tusingebishana. Lakini mwalimu akaendelea.

Bwana Young hakungoja kumaliza masomo. Mwaka ule ule wa 2006 aliingia ligi ya kulipwa, iitwayo NFL, akachaguliwa wa tatu katika nchi nzima, na timu ya Tennessee Titans. Mwaka huo huo akapata tuzo ya mchezaji mpya bora wa upande wa ushambuliaji. Mwaka 2008 aliumia goti katika mchezo wa kwanza. Mkongwe mmoja akashika nafasi yake na timu ikashinda michezo 13 kati ya 16. Nani basi angethubutu kumtoa yule mkongwe? Mwaka uliofuata timu ilipoteza sita ya kwanza, mmojawapo kwa 59 kwa bila. Ndipo wakamkumbuka Young, naye akashinda michezo minane katika kumi. Mwaka 2010 aliumia kidole gumba, akakosana na kocha wake, na mwaka 2011 timu ikamwacha.

Tangu hapo ni kushuka ngazi. Mwaka 2011 alikuwa akiba wa Philadelphia Eagles. Mwaka 2012 Buffalo Bills walimchukua, wakamwacha mwezi wa Agosti kabla ya ligi kuanza, na msimu mzima hakuna timu iliyomwita. Agosti 2013 Green Bay Packers walimchukua, na mwezi haukupita wakamwacha. Kimya tena. Mei 2014 akaenda Cleveland Browns. Wiki mbili hazikutimia, timu ikachagua kijana mpya kutoka vyuoni, Johnny Manziel, na Young akaambiwa kwaheri. Mwezi wa Juni akatangaza kwamba amestaafu. Alikuwa na miaka 31.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Anayelala kitanda cha juu yangu alisema neno hilo si halali. Kustaafu, alisema, ni kwa mwalimu mkuu aliyetimiza miaka 60, anayepewa saa ya ukutani na hotuba na kiinua mgongo. Mtu ambaye hakuna anayemtaka hastaafu. Ameachwa, kama abiria anavyoachwa na basi. "Unaweza kusema umestaafu kusafiri na basi limeshaondoka?" Watu wakacheka sana, nami nilicheka, maana alisema vizuri.

Lakini nilipolala niliona mfano wake una tundu. Basi likikuacha unaliona mgongo. Unajua. Huyu Bwana hakuna siku hata moja aliyoona mgongo wa basi. Katika NFL mna timu 32, na kila timu hushusha idadi yake mpaka wachezaji 53 kabla ya ligi kuanza. Katika hao, makwotabeki huwa wawili au watatu, na anayecheza ni mmoja tu, wengine wamesimama kando na kofia. Hesabu ni rahisi: nchi yote kubwa ile haina nafasi mia za kazi hiyo. Wala hamna daraja la kwanza wala la pili la kushukia, kama kwetu, ambapo mtu akiachwa na timu ya ligi kuu hujitupa ya chini yake, na ya mkoa, na mwisho hucheza bonanza na kula wali. Kule ni juu au nyumbani. Pia kuna ligi ya Canada, lakini huko wachezaji ni 12, uwanja una yadi 110 na nafasi ni tatu badala ya nne. Ni kama kuanza somo jingine.

Na timu isiyokutaka haikuandikii barua ya kukwambia haikutaki. Itaandika kwa sababu gani? Timu 32 zinanyamaza, kila moja kwa shughuli zake. Kila mwaka mwezi wa Agosti mchezaji fulani mahali fulani huumia, na simu ya mtu kama Young huweza kulia. Mwaka 2013 ililia kweli. Basi mtu huyu atajuaje kwamba imelia mara ya mwisho? Sisi wa kidato cha nne tuna bahati kidogo katika jambo hili. Tutafanya mtihani mwezi wa Novemba, na majina ya kidato cha tano yatatangazwa. Jina likikosekana, unalia siku ile ile na mama yako anakupikia chai. Mchezaji hana orodha ya kutazama.

Kwa hiyo mimi nilisimama upande wa Bwana Young. Alipoona hakuna atakayepuliza filimbi, aliipuliza mwenyewe. Simwiti shujaa kwa hilo, wala sisemi timu zilimwonea. Katika maisha yake ya NFL alianza michezo 50 akashinda 31, na hiyo si haba. Lakini mipira yake iliyodakwa na maadui ilikuwa 51, na aliyoirusha ikazaa mabao 46. Makocha huzitazama hesabu hizo. Tena alikuwa mtu wa kutegemea miguu, na miguu iliyoumia haikimbii yadi 200. Fedha nazo zilikuwa zimemletea mashaka. Januari 2014 aliomba kinga ya muflisi katika mahakama ya Houston. Mtu katika hali hiyo angekuwa na kila sababu ya kuendelea kungoja simu, maana mkataba mmoja ungemwokoa.

Jambo lililonigusa zaidi mwalimu alilitaja kwa haraka, karibu nisilisikie. Katika ile miaka ya kimya, Bwana Young alirudi darasani. Ile shahada aliyoiacha mwaka 2006 aliimaliza katika chuo kile kile mwaka 2013, mwaka aliotimiza miaka 30. Hebu fikirini. Jezi yako imetundikwa juu uwanjani, kila mtu anakujua, nawe umekaa katika benchi la darasa na vijana waliokuwa shule ya msingi ulipowafurahisha, unaandika insha ya kusahihishwa. Agosti 2014, miezi miwili baada ya kustaafu, chuo hicho kilimwajiri katika idara inayohusiana na jamii.

Mpinzani wangu hakunyamaza. Alimwuliza mwalimu mambo ya baadaye, akarudi bwenini kwa furaha kama mwenye kupata fedha njiani. Mwaka 2017 Bwana Young, mwenye miaka 33 sasa, alitia sahihi na timu ya Saskatchewan Roughriders huko Canada, akaumia msuli wa paja mazoezini, akaachwa kabla hajacheza mchezo hata mmoja. "Yuko wapi mstaafu wako?" akaniuliza. Tena mwaka 2019 ile kazi ya chuoni nayo ikaisha, chuo kikamwachisha. Mwaka huo huo aliingizwa katika Jumba la Heshima la kandanda ya vyuo. Sikuwa na jibu zuri, nasema kweli. Nilimwambia tu kwamba hata Babu yangu alistaafu reli, na treni ikipiga honi hutoka nje kuitazama. Akasema hilo si jibu. Pengine si jibu.

Sasa niseme kwa nini nilishika ubishi huu kwa nguvu hata wenzangu wakashangaa. Kaka yangu ni winga wa kushoto. Ana miaka 23, na kwetu Kilosa watoto wadogo humwita kwa jina la uwanjani hata anapobeba maji. Miaka miwili iliyopita alikwenda kufanya majaribio katika timu moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Alikaa wiki tatu. Walimwambia, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Akarudi na viatu vyake shingoni. Baba alipomwambia kuna nafasi ya kujifunza ufundi wa magari, alijibu kwamba haanzi jambo ambalo ataliacha katikati simu ikilia. Mjomba alimtaka dukani, jibu likawa lile lile. Huamka saa kumi na moja kukimbia, akirudi huitazama simu. Mama ameacha kumwuliza. Simlaumu kaka, maana mpira anaujua, na mimi nimemwona akiwapita mabeki wanne wa wilaya nzima kana kwamba wamepandwa ardhini. Huenda wakapiga kesho.

Likizo iliyopita nilimsimulia habari hizi, tumekaa nje usiku tunachoma mahindi. Ile Rose Bowl aliipenda mno, akanirudisha mara mbili kwenye zile yadi 8. Sehemu ya pili aliisikiliza bila kusema. Nilipofika kwenye kustaafu aliuliza, "Nani alimwambia kwamba basi?"

"Hakuna," nikamwambia. "Alijiambia mwenyewe."

"Toka 2011 mpaka 2014?"

"Ndiyo, kaka."

Akahesabu kwa vidole. "Mitatu," akasema. "Mimi huu ni wa pili." Akaligeuza hindi lake. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, hicho chuo cha ufundi alichokisema Baba huchukua watu mwezi gani, na je, mafunzo huwa asubuhi au kutwa. Nilisema sijui, nitauliza shuleni. Tulipofungua nilimwuliza mwalimu wa taaluma, akanipa karatasi ya maelezo: mafunzo ni ya kutwa, ila Jumamosi ni nusu siku. Nimeituma nyumbani kwa dereva wa basi tangu wiki ya pili ya muhula. Sijapata jibu.