Tabora ya majini: mapenzi na malezi kinamasini

Mwambie mtu wa Dar kwamba mwaka huu wewe na mwenzi wako mnakwenda kutalii Tabora, halafu uone atakavyokukodolea macho. Tabora? Kuna nini kule zaidi ya asali, maembe, tumbaku na stesheni ya treni? Zanzibar imehama?

Basi msomaji wangu, kaa vizuri. Magharibi mwa mji huo unaosifika kwa vumbi kuna mojawapo ya ardhi oevu kubwa kabisa Afrika, na wakazi wake wana mambo ya ndoa na malezi ambayo yatawapa nyinyi wawili stori za safari nzima.

Eneo lenyewe linaitwa Malagarasi-Muyovozi. Mwaka 2000 lilikuwa la kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 32,500. Rwanda nzima inaingia humo na nafasi inabaki! Si kwamba kote ni maji. Kuna maziwa kama Sagara na Nyamagoma, kuna mafunjo yasiyo na mwisho, kuna mbuga zinazofurika masika na kukauka kiangazi, na pembeni kuna misitu ya miombo.

Wapagazi walipita hapa

Safari yako ianzie Tabora mjini. Salimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", utapata marafiki hapo hapo. Kisha nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe la Livingstone ambalo leo ni makumbusho. Yeye na Stanley walifikia hapo mwanzoni mwa 1872. Stanley aliondoka Machi, Livingstone akabaki kusubiri wapagazi hadi Agosti.

Tabora ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipopumzika kabla ya kuendelea Ujiji. Na huwezi kufika Ujiji bila kukutana na Mto Malagarasi. Burton na Speke waliuvuka mwaka 1858, Stanley mwaka 1871. Wenye mto walikuwa na mitumbwi, na hakuna aliyepita bure. Malipo hayo yaliitwa hongo, na enzi hizo halikuwa neno la aibu, ilikuwa ni ada ya njia. Stanley alilalamika sana kwenye kitabu chake. Na kama vile hiyo haikutosha, punda wake mmoja, aliyekuwa akivushwa kwa kamba, alikamatwa na mamba mtoni na asionekane tena.

Leo kuna daraja na kuna reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Ukiwa ndani ya treni ya Kigoma, ukishapita Kaliua usilale. Tazama dirishani.

Baba analea, mama huyoo!

Sasa tuje kwa wenyeji. Kwenye majani ya yungiyungi yanayoelea utamwona ndege mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye vidole virefu ajabu. Anatembea juu ya majani kama vile yuko sebuleni kwake. Wataalamu wanamwita sile-maua. Jike ni mkubwa kuliko dume, na huweza kuwa na waume kadhaa kwa wakati mmoja! Akishataga anaondoka zake. Dume ndiye anayeatamia, ndiye anayelea, na hatari ikitokea anawakumbatia vifaranga chini ya mbawa na kukimbia nao, vijiguu vikining'inia. Akina baba mnaosema kubeba mtoto si kazi ya mwanaume, mpo?

Kamongo naye si haba. Huyu ni samaki mwenye mapafu, lazima apande juu kuvuta hewa. Maji yakikauka anaweza kujichimbia kwenye matope, akajifunika kwa ute wake na kusubiri mvua. Dume lake ndilo linalolinda kiota na watoto.

Kuna na nzohe, swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, ndiyo maana hazami kwenye tope. Akishtushwa anajizamisha, anabakiza pua tu juu ya maji.

Kimya kingi kina mshindo mkuu

Lakini mfalme wa hapa ni korongo nyangumi. Ana urefu unaozidi mita moja, rangi ya majivu, na mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Anaweza kusimama bila kutikisika muda mrefu mpaka udhani ni sanamu. Kamongo akipanda kuvuta hewa, paap! Ameondoka.

Dunia nzima korongo hawa wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu, na kwa hapa Tanzania maskani yao makuu ni kinamasi hiki. Jike kwa kawaida hutaga mayai mawili, lakini mara nyingi anayekua ni kifaranga mmoja. Kiota kiko chini, juu ya majani. Moto mmoja wa kiangazi ukipita, uzazi wa mwaka huo umekwisha.

Na hapo ndipo penye kidonda. Mafunjo yanashika udongo na kupunguza kasi ya maji, kama sponji, ili mto usikauke mvua zikikatika. Miti ya mabondeni na vilimani ikikatwa kwa mkaa na kukaushia tumbaku, udongo unaporomokea majini. Mifugo ikizidi, mashamba yakiingia hadi kwenye mafunjo, na nyavu zenye matundu madogo zikibeba hadi watoto wa samaki, sponji inachanika. Anayeumia si korongo peke yake. Ni mama wa Nguruka anayesomesha watoto kwa sato na kambare wa kukausha.

Ukitaka kwenda

Njia rahisi ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2019. Ugalla unamwaga maji yake Malagarasi. Nenda kati ya Juni na Oktoba, barabara zinapitika, na mto unapungua hadi kubaki mabwawa ambamo viboko na mamba wanabanana kama abiria wa daladala. Beba darubini, chandarua na nguo za mikono mirefu. Acha nyumbani nguo nyeusi na za bluu, maana mbung'o wanazipenda kuliko wewe unavyozipenda. Na usimsogelee ndege aliye kwenye kiota hata kama picha ni tamu kiasi gani.

Mkirudi, nunueni asali. Nyuki wa miombo wanahitaji msitu ule ule unaolinda kinamasi, kwa hiyo kila chupa kutoka kwa mfugaji anayeutunza msitu ni sababu moja zaidi ya kuacha mti usimame. Babu zetu hawakuvuka Malagarasi bila kulipa ada. Yetu sisi ni hiyo: tuuache mto kama tulivyoukuta.